Asubuhi kingatiba ya kichocho, mchana lamboni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Handeni kuhusu dumu la maji ambalo mtoto wa shule ya msingi anatakiwa kwenda nalo shuleni. Mgeni anaweza kuliona jambo dogo. Sisi wa vijijini tunajua kwamba bila dumu hilo uji wa shule haupikwi, choo hakisafishwi, miche inakauka na matofali ya darasa jipya hayafyatuliwi. Na dumu hilo, kwenye vijiji vingi ambavyo bomba halijafika, linajazwa lamboni.

Lambo letu ni kama mengi ya Uzigua. Limechimbwa kukinga maji ya mvua na maji yake hayaendi popote. Ng'ombe wanyweshwa upande mmoja, akina mama wachota upande wa pili, wavulana waogelea katikati. Kandokando kumeota majani, na konokono wamejaa humo. Mtoto hachoti ukingoni kwa sababu maji ya ukingoni ni tope tupu. Anaingia mpaka magotini, anayasukuma majani kwa mkono, analaza dumu na kusubiri. Dumu lenye mdomo mwembamba halijai upesi, na yule mdogo wa darasa la pili akilivuta likamshinda, analimwaga nusu na kuanza upya huku miguu ikiwa bado majini.

Muda huo unatosha kabisa mtoto kuambukizwa kichocho. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono, havionekani kwa macho, vinapenya ngozi bila jeraha lolote. Ndani ya mwili vinakua minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu. Mayai yake hutoka na mkojo, na mtoto akikojoa majini, kama watoto wote wanavyofanya wakioga, konokono wanaambukizwa upya. Lililo baya zaidi ni saa. Konokono wa kichocho cha mkojo humwaga vijidudu vingi jua linapokuwa kali, saa sita au saa saba mchana. Hizo ndizo saa ambazo madarasa ya chini yanaruhusiwa kurudi nyumbani, na mtoto ameshaambiwa kesho asije mikono mitupu.

Sipingi kingatiba, yaani dawa ya kichocho wanayopewa watoto kwa pamoja shuleni, na walimu wanaoisimamia nawapongeza. Mtoto anasimamishwa kwenye ubao wa kupimia urefu, anahesabiwa vidonge vyake, vikubwa na vichungu, anameza mbele ya mwalimu. Lakini dawa hiyo inaua minyoo iliyokwisha kukomaa. Haimkingi mtoto na maambukizi ya wiki ijayo. Tunamtibu kisha tunamrudisha majini, tena kwa agizo la shule ileile iliyompa dawa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, na sijawahi kuona kikao kinachoyaweka mambo haya mawili kwenye ajenda moja. Kingatiba ni ya afya, maji ni ya mazingira, basi kila kimoja kina siku yake.

Halafu kuna suala la chakula. Dawa hii inatakiwa kumezwa mtu akiwa amekula, la sivyo kichefuchefu na kizunguzungu huwa vikali zaidi. Shule isiyo na uji inatoaje dawa saa nne kwa mtoto aliyetoka nyumbani na njaa? Mwaka 2008 Morogoro ilizuka taharuki kubwa baada ya watoto kujisikia vibaya kutokana na dawa za kichocho, wazazi wakavamia shule. Uvumi wa namna hiyo haufi haraka. Hata kwetu wapo wazazi ambao siku ya kingatiba wanamwacha mtoto nyumbani, na mimi siwezi kuwaita wajinga. Wameona mtoto wa jirani akitapika, hakuna aliyewaeleza kwa nini.

Wavulana wetu wakiona damu kwenye mkojo wanataniana kwamba fulani amekua. Wasichana hawana hata huo utani. Kichocho huweza kuleta vidonda kwenye uke na kwenye shingo ya kizazi, dalili zake zikafanana na za magonjwa ya zinaa. Mama anakwenda zahanati, anaandikiwa dawa za zinaa, haponi, anaandikiwa tena, na nyumbani ndoa imeshaingia maneno. Hili ni jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona mno kwetu, kwa hiyo acha mzee kama mimi aliseme waziwazi: mwanamke aliyekulia lamboni apimwe kichocho kabla ya kushutumiwa. Wataalamu wanavihusisha vidonda hivyo na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU, na kichocho cha mkojo kilichokaa miaka bila tiba kinajulikana kuleta saratani ya kibofu.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba pale ugonjwa ulipoenea dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo, na hata wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo. Nauliza kwa nia njema: mama anayefua lamboni na mtoto anayemwogesha palepale watafikiwa na nani, kama kingatiba inaishia kwenye geti la shule?

Najua jibu litakuwa maji ya bomba. Mradi wa Miji 28, wa mkopo wa India, umelenga pia Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani, na tunaushukuru. Lakini bomba kuu likipita mjini si kwamba limefika kitongoji chetu. Wakati tunasubiri, paa la bati lipo. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 tu, lita 1,000 zinashuka, ukiondoa kidogo zinazopotea. Shule zetu zina mapaa makubwa kuliko hayo, na kila masika maji yote hayo yanachimba korongo nyuma ya madarasa. Kinachokosekana ni gata na simtanki. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 imetupunguzia mzigo wazazi, na haizuii kijiji kukubaliana kwenye mkutano wake kuchangia matanki mawili. Ruzuku ya uendeshaji peke yake haiwezi kubeba hilo, tusidanganyane.

Ombi langu kwa halmashauri ni kwamba kabla ya vuli kila shule iliyo mbali na bomba iwekewe gata walau kwenye jengo moja, na agizo la mtoto kwenda na maji ya lambo lisitishwe kwa maandishi. Zahanati nazo zipewe vipimo vya mkojo. Sampuli ichukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi.

Mwalimu mkuu atakayeisoma barua hii asingoje waraka. Kama hana budi kutumia maji ya lambo, atafute watu wazima wayachote asubuhi mapema wakiwa na viatu vya mpira, yamiminwe kwenye pipa safi lisilo na konokono na yafunikwe siku mbili kabla mtoto hajayashika. Katika muda huo vijidudu vya kichocho hufa. Ya kunywa yachemshwe vilevile, kwa sababu ng'ombe nao wamo humo.

Wako,
Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Handeni, Tanga