Goli lako lililokataliwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Juzi kwenye simu ulinisimulia lile goli mlilokataliwa, na sauti yako bado ilikuwa na machozi. Ukaniuliza, "Mama, golikipa alikuwa mbele yangu, sasa nimeoteaje?" Sikutaka kukujibu haraka haraka. Miaka yote niliyoshika kibendera pembeni mwa uwanja nililisikia swali hilo karibu kila mechi, na wengi waliokuwa wakiuliza waliondoka na hasira tu, bila jibu. Wewe nataka uwe nalo.

Sheria ya kuotea, wanayoiita offside, inahesabu wapinzani wawili, siyo mmoja. Mpira unapopigwa na mwenzako, ukiwa kwenye nusu ya uwanja ya wapinzani, kichwa chako, kiwiliwili au mguu wako usiwe karibu zaidi na mstari wa goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, ukihesabu kuanzia golini kwao. Golikipa anahesabiwa kama mchezaji mwingine yeyote. Kwa hiyo yule golikipa alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa yule beki, na huyo, kwa maelezo yako mwenyewe, ulishampita. Ungekuwa naye sambamba ungekuwa salama. Mikono haihesabiwi.

Kusimama tu mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kujiingiza kwenye mchezo ukiwa pale: kuucheza mpira, kumziba golikipa asiuone, kumsumbua beki anayeufuata. Na kinachopimwa ni pale mwenzako anapoupiga mpira, siyo pale unapokufikia. Watazamaji wengi wanakosea hapo. Macho yao yanafuata mpira hewani, ukitua wanakuona uko peke yako na golikipa, wanapiga kelele, kumbe pasi ilipotoka ulikuwa bado hujampita beki.

Nikueleze tulivyokuwa tunafanya. Unakwenda kiubavuubavu kando ya mstari, uso umeuelekeza uwanjani, sambamba na yule mpinzani wa pili kutoka mwisho. Akipanda unapanda, akirudi unarudi naye. Macho yako yako kwake, kwa hiyo mara nyingi mpiga pasi humwoni vizuri, unamsikia. Kiatu kinagonga mpira, pu, na sekunde hiyo hiyo unapiga picha kichwani: nani mbele, nani nyuma. Beki anakimbilia huku, mshambuliaji kule. Ukichelewa kidogo tu, picha imeshaharibika. Halafu unasubiri, na kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote. Siku moja nilinyanyua kibendera mapema. Mpira haukumwendea aliyeotea, ulimwendea mwenzake aliyetokea nyuma kabisa, akafunga, lakini refa alikuwa ameshapuliza kipenga. Goli halali lilikufa mkononi mwangu, na hadi leo nikilikumbuka linaniuma. Ndiyo maana najua jinsi unavyojisikia, hata kama safari hii kibendera kilikuwa na haki.

Ulisema pia kwamba sheria hiyo wameitunga watu wa mashindano yenu. Hapana. Hiyo ni Sheria ya 11 kati ya sheria 17 za mpira, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Kwa mechi za watoto chama cha mpira kinaruhusiwa kupunguza ukubwa wa uwanja, mpira, goli, hata dakika za mchezo. Kuotea hakumo kwenye orodha hiyo.

Wanaotunga sheria ni bodi iitwayo IFAB, iliyoanza mwaka 1886. Ina kura 8: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja ana moja, na FIFA ina 4. Ili sheria ibadilike zinatakiwa kura 6, kwa hiyo FIFA haiwezi kubadili kitu peke yake, wala wale wanne peke yao. Na kuotea kumewahi kubadilishwa. Zamani mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani watatu mbele yake. Mwaka 1925 wakapunguza wakawa wawili, na magoli yakaongezeka sana. Kwa sheria ya kabla ya hapo ungeotea mara nyingi zaidi.

Ngazi nyingine utazijua polepole. Klabu yenu iko chini ya chama cha eneo, chama kiko chini ya shirikisho la taifa, na mashirikisho ya mataifa yamekusanyika katika mashirikisho sita ya mabara. La Afrika ni CAF, lililoanzishwa mwaka 1957. Juu yake iko FIFA, iliyozaliwa Paris mwaka 1904, yenye wanachama 211, na kwenye mkutano wake mkuu nchi ndogo ina kura moja sawa na nchi kubwa. Hilo nalipenda sana.

Sasa turudi kwako, maana una mechi Jumamosi. Kumbuka hakuna kuotea ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli kiki. Timu yenu ikirusha, nenda kasimame nyuma ya mabeki, upande wa goli lao, bila woga. Kwenye pasi za kawaida usikimbie moja kwa moja kuelekea golini. Kimbia kwanza sambamba na mabeki, kama unaufuata mstari wao, huku ukiangalia mguu wa mwenzako. Ukiuona unashuka kuupiga mpira, ndipo ukate kwenda mbele. Fanya mazoezi hayo na mwenzako mmoja tu, yeye apige pasi, wewe ukate, hata mara thelathini kwa siku.

Nitapiga simu Jumamosi jioni. Nataka kusikia ulikata wakati gani.

Mama yako akupendaye