Tanzia zetu mbona hazisemi marehemu alifanya nini

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Kibosho. Mimi ni fundi bomba mstaafu, sio mwandishi, kwa hiyo nikirukaruka nisamehe, utanyoosha mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita niliamka nikakuta meseji ya wasapu kutoka Chicago, binti wa mzee mmoja injinia ananiambia baba amefariki, miaka 84, na chini yake katuma picha ya tanzia waliyoitoa kwenye gazeti la kwao. Mwanangu akanisaidia kuisoma mpaka mwisho, ndio nikaona nikuandikie.

Huyo mzee alikaa kwetu miaka ya themanini, alikuja kujitolea kwenye mradi wa maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe toka mlimani bila pampu, akapanga mtaa wa Shanty Town mjini Moshi na mke wake na watoto wawili wadogo, wale wanne wakubwa walibaki kwao shule. Kila Jumapili baada ya misa anakaa barazani anawaandikia, watoto wanne barua nne, sio moja ya kusomewa wote, na Jumatatu kabla hatujapanda mlimani lazima gari lisimame Posta pale kwenye saa. Sisi tunanung'unika saruji inasubiri, yeye wala. Tulimwita Bwana Levo maana ile levo yake ndogo ya mbao haikumtoka mkononi, hata akikaribishwa chakula anaiweka kwanza mezani aone kama meza imekaa sawa, mama mwenye nyumba anahisi kadharauliwa.

Ni Mmarekani, ila ukimwita Mmarekani tu anakuongezea, wa asili ya Ayalandi. Ukoo wao ulifika Chicago kwa ajili ya chepe. Waayalandi ndio waliochimba sehemu kubwa ya ule mfereji wa Illinois na Michigan, ulianza 1836 ukaisha 1848, kilomita kama 154 kwa chepe na sururu, wengine wakafia humo kwa homa na kipindupindu. Kazi ikiwa katikati, huko kwao viazi vikaoza mwaka 1845, njaa ikaua watu kama milioni moja na wengine milioni na zaidi wakapanda meli. Babu wa babu yake alikuwa mtu wa chepe, na yeye akawa wa kwanza kwenye ukoo kushika penseli, anakwambia hivyo huku anaitoa sikioni anakuonyesha.

Sasa baba yangu alikuwa mzee wa mfongo. Kwa msomaji ambaye sio wa huku, mfongo ni mfereji wetu Wachaga, unatolewa juu mtoni unazungushwa ubavuni mwa mlima mpaka kwenye migomba na kahawa, na mingi ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika. Siku Bwana Levo alipouona akauliza nani aliupima, baba akamwambia maji. Akadhani utani. Baba akachukua kibuyu, akachimba hatua kama tano, akamwaga maji, akatazama yanaelekea wapi, akapandisha udongo kidogo hapa akakwangua pale, akasogea tena. Kesho yake mzungu kaja na ile mashine ya miguu mitatu, siku nzima anapima mfongo wa zamani, mimi nadhani alitaka kukamata kosa, akakuta kila mita mia unashuka kama nusu mita, kwenye kona, kwenye mwamba, ni ile ile. Akakaa chini kwenye majani kimya. Halafu akatoa daftari akamwomba baba aanze upya toka mwanzo, mimi natafsiri Kichaga kwenda Kiswahili maana Kiswahili chenyewe alikuwa anaokoteza.

Kisa kingine ni cha Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, kwao ni kubwa sana. Bomba letu jipya lilikuwa linapoteza maji njiani na hatuoni wapi. Akaja na kikopo cha unga wa rangi ya chungwa, akatia kijiko kwenye tangi la juu, yale maji yakageuka kijani kama jani changa la mgomba! Tukatawanyika kutafuta kijani. Kikachomoza kwenye kihamba cha jirani, yaani shamba lake la nyumbani, chini ya kahawa, soketi ya kuungia bomba imepasuka, lakini kabla hatujafika bibi mmoja alishajaza ndoo ya kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, na anapiga kelele kwamba tumemroga, ikabidi baba aende kumtuliza. Kumbe ujanja wenyewe ni wa kwao, mafundi bomba wa Chicago walikuwa wanatumia rangi kutafuta nani anamwaga uchafu mtoni, mwaka 1962 wakaona waimwage mtoni kwa ajili ya sikukuu, kilo kama 45, mto ukakaa kijani wiki nzima, na mpaka leo wanaendelea ila dozi wamepunguza. Na huo mto walishaugeuza, 1900 walifungua mfereji mwingine, maji machafu yakaacha kwenda kwenye ziwa wanalokunywa yakarudi nyuma. Baba aliposimuliwa hilo akasema huo nao ni mfongo tu, ila mkubwa.

Tuje kwenye tanzia. Ya kwao ni karibu nusu ukurasa. Imeandikwa alivyokuwa anatunza misumari iliyopinda kwenye makopo ya kahawa, alivyokataa kununulia wajukuu baiskeli mpya mpaka ile ya zamani ishindikane kabisa, kwamba hakuwahi kukosa mechi ya mtoto hata ya kufungwa. Unacheka halafu unafuta macho. Kilichoniudhi ni kimoja, miaka yake ya Kibosho imeingia mstari mmoja, eti alisaidia Afrika kupata maji. Afrika nzima jamani! Na baba yangu hayumo.

Lakini hasira ikaisha nilipokumbuka ya kwetu. Baba alipofariki tulilipia tanzia gazetini, habari ziwafikie mashemeji wa Dar, wa Mwanza, mpaka wa Dubai, vyeo vya watoto, ibada saa ngapi, basi la waombolezaji linaondokea wapi. Mfongo hatukuutaja. Mtu ameamka saa kumi alfajiri zaidi ya miaka thelathini kwenda kufungulia watu maji ya zamu zao, na kuamua ugomvi wa zamu, na kupigwa jembe la bega siku moja kwa sababu ya ugomvi huo. Gazeti silaumu, linatoa linacholetewa, na aliyeandika ni mimi.

Ombi langu Mhariri, kwenye tanzia wekeni nafasi ya mistari mitano ya kazi ya marehemu na tabia zake, na msiihesabu kwenye bei. Nasema bei kwa sababu ndiyo inayotufanya tukate, na tukikata tunabakiza mashemeji.

Nimeambatanisha picha, ilipigwa kwenye dakio, pale maji yanapoingilia bomba toka mtoni, siku tulipofungulia bomba. Mwenye penseli sikioni ni yeye. Aliyeshika kibuyu ni baba.

Fundi bomba mstaafu,
Kibosho, Moshi