Maji ya Arusha hayachemki kwa nyuzi 100

Mhariri,

Mara nyingi simu au kishikwambi cha mwalimu kikiingia darasani, ni kuonyesha video. Watoto wanatazama, wanaitikia "ndiyo mwalimu", wananakili. Video ikisema maji huchemka kwa nyuzi joto 100, mjadala umekwisha.

Nawaomba walimu wa sayansi wa shule za msingi waanze na jaribio, video wakaiweke mwisho (na waipakue mapema, bando lisije likakata katikati ya kipindi).

Yatosha nusu lita ya maji, sufuria nyembamba yenye kina, jiko, na kipimajoto cha maabara kinachofika 110. Cha homa kisiguswe. Kinaishia nyuzi 42, kitapasuka. Kila kundi liandike kwanza linatarajia ngapi. Kipimajoto kining'inizwe kwa uzi, maana ncha ikigusa chini itapima joto la sufuria. Simu ikae pembeni, mvuke usizibe kamera, na iwe kimo kimoja na mstari mwekundu wa kipimajoto, ikipiga picha kila dakika. Ikiinama, usomaji utapotoka nyuzi moja au zaidi, na hapa nyuzi moja ni kubwa.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mstari utagota karibu na 95, ukae hapo hata mkichochea moto. Wapo watakaoandika 100 kwa kuwa kitabu kimesema. Wakuze picha, wahesabu vistari. Wengine watasema kipimajoto ni kibovu. Hoja nzuri! Basi waulizwe watajuaje. Kitumbukizwe kwenye barafu iliyopondwa inayoyeyuka: kikisoma 0, lawama inapungua, ingawa haijaisha, kwa hiyo jaribuni na kingine.

Kisha picha itumwe kwa mwalimu wa Moshi, mji ulio chini kwa mita mia kadhaa, naye arudie jaribio lile lile. Atapata karibu 97. Hapo mwinuko na mgandamizo wa hewa vitaulizwa na watoto wenyewe, na hakosi mmoja atakayetaka kujua habari za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Huko ni kama nyuzi 80, maharage yatawasumbua.

Sasa washeni video, na swali liwe moja: huyu anayesema 100, alichemshia wapi?

Mwalimu wa sayansi,
Arusha