Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maneno ya Programu Yaeleweke na Wote

Wapendwa wanachama, mababa, mamama na vijana wa Lubumbashi,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zilikwenda kwenye kazi moja: kusahihisha maneno ya programu za simu ili mama anayeuza unga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, azisome bila kumwita kijana amfasirie.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ujumbe wa makosa. Mtu anatuma pesa, rezo (mtandao) inakatika, simu inaandika: "Muamala umeshindikana. Hitilafu 504." Anaelewa kwamba pesa haikutoka, anatuma tena, na zinatoka mara mbili. Namba 504 haisemi kwamba kazi imeshindikana. Inasema mashine moja ilingoja jibu la mashine nyingine hadi ikachoka. Pesa huenda imefika. Kwa hiyo tunapendekeza: "Rezo imekatika. Bado hatujui kama pesa imefika. Usitume tena: angalia salio kwanza." Kilichotokea, pesa iko wapi, ufanye nini sasa, kwa mpangilio huo. Kuongeza "Samahani sana" mwanzoni hakumsaidii mtu ambaye hajui pesa yake iko wapi. Upole wa kweli ni kumwambia.

Vitufe navyo vifuate njia hiyo. "Ghairi" (yaani acha, usiendelee) wengi hapa hawalijui. Penye swali "Una uhakika?" lenye "Ndiyo" na "Hapana", andikeni "Futa picha" na "Iache".

Waandaaji wa programu, naomba sana: msiunge sentensi kwa vipande. Mkiandika "%s imefutwa", ambapo mashine inaweka jina lolote mahali pa %s, picha itakubali, lakini itatokea pia "Mteja imefutwa". Hata sisi tunaolegeza upatanisho wa maneno ("imefutwa", "amefutwa") tukiongea, hilo linatukwaza, maana mtu si kitu. Kila kitu kiwe na sentensi yake nzima: "Picha imefutwa", "Mteja ameondolewa".

Kwenye SMS, tatizo lilikuwa alama moja ndogo. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160. Ukinakili "ng’ombe" kutoka programu ya kuandikia, yenye kistari cha juu kilichopinda, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo wa herufi na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 120 unakatwa vipande 2, na unalipiwa mara 2. Tumieni kistari kilichonyooka: ng'ombe.

Saa pia zinapoteza watu. "Njoo kesho saa 7:00" wengine wanakuja saa saba mchana. Andikeni "saa 1 asubuhi (07:00)". Na kama mashine inafuata saa ya Kinshasa, kumbukeni Lubumbashi iko mbele kwa saa 1.

Hesabu za chama atazisoma mhazini.

Bado hatujakubaliana kuhusu orodha ya maneno ya kutumia kwenye programu. "Rezo", "inite" (salio la kupigia simu) na "mega" (salio la intaneti) hayana ubishi, ndiyo yanayosemwa kwa muuza inite. Ubishi uko kati ya "neno la siri" na "kodi" (kutoka Kifaransa "code", si kodi ya serikali). Mimi nashika "neno la siri", kwa sababu "kodi" inaitwa pia ile namba inayokuja kwa SMS, na watu wanaandika moja mahali pa nyingine.

Kabla ya mkutano mkuu, kila mwanachama ampe simu mtu mmoja asiyeizoea programu, amwombe asome kwa sauti huku akiitumia, na asimsaidie. Andikeni neno ambapo kidole chake kilisimama, mlete na picha ya skrini hiyo.