CAG naye asailiwe hadharani

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, namna CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anavyopatikana.

Mimi ni mwanakikoba huku Morogoro, mwaka wa saba sasa. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, mwenyekiti hashiki, mweka hazina hashiki, na hao watatu tunawachagua sote tukiwa tumekaa, mtu anasimama anaulizwa maswali, mkopo wa mwaka jana ulimaliza lini, una undugu na nani humu ndani, akijibu vibaya watu wanaguna na yeye anakaa chini. Mwaka juzi mshika ufunguo mmoja alihamia Dodoma, mwenyekiti wetu, mama ninayemheshimu kabisa, akataka ampe mdogo wake. Tukakataa. Hatukusema mdogo wake ni mwizi, tulisema aje asimame aulizwe kama wenzie. Akaja, akaulizwa, akapita, na mpaka leo ufunguo anao na sijasikia mtu anamsema pembeni.

Sasa kila ripoti ya CAG ikitoka mi nakaa na redio naisikiliza yote, hati za halmashauri, mashirika yanayopata hasara, malipo yasiyo na risiti, halafu najiuliza huyu anayetukagulia hela zetu kapatikanaje. Nikamuuliza kijana wangu anayesoma sheria, akanifungulia Katiba ibara ya 143, CAG anateuliwa na Rais. Basi. Hamna tangazo la kazi, hamna orodha ya waliofikiriwa, hamna anayemuuliza swali mbele ya watu, tunasikia tu taarifa imetoka Ikulu. Na ibara hiyohiyo inasema CAG akiwa kazini halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote. Maneno mazuri sana hayo, lakini mtu atayasimamiaje kama aliyempa kiti ndo huyohuyo mkuu wa serikali anayokwenda kuikagua?

Ya Profesa Mussa Assad, aliyekuwa CAG, tunayakumbuka. Aprili 2019 Bunge lilipitisha azimio la kutofanya naye kazi kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolitamka juu ya Bunge kwenye mahojiano, halafu Jumapili ya Novemba 3 mwaka huohuo tukatangaziwa kwamba muda wake wa miaka mitano unaisha na Charles Kichere kateuliwa. Wakati Katiba ibara ya 144 inasema CAG anakaa mpaka afike miaka 60, labda sheria itaje umri mwingine, na kama ni kumuondoa kabla ya hapo lazima iundwe tume yenye majaji imchunguze kwanza. Assad 60 alikuwa hajafika. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ikaja kuamuliwa Desemba 2022 kwamba kile kifungu cha miaka mitano kwenye Sheria ya Ukaguzi wa Umma kinapingana na Katiba, miaka mitatu imeshapita. Hapa sisemi lolote baya juu ya Bwana Kichere, ripoti zake zimesema mengi mazito na namshukuru. Nasema hata yeye tungemtendea haki kama angeingia kwa mlango ambao kila mtu aliuona.

TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni hivyohivyo, Mkurugenzi Mkuu anateuliwa na Rais. Tangu Hoseah aondolewe Desemba 2015 mpaka Chalamila alipoteuliwa 2023, wameshakalia kile kiti watu watano, Mlowola, Diwani, Mbungo, Hamduni na Chalamila mwenyewe. Kesi kubwa ya rushwa inaweza kuchukua miaka mingapi kuichunguza? Mtu anafungua faili, kabla hajalifunga kashahamishwa.

Na msiniambie haiwezekani, maana hapahapa nyumbani tumeshaanza. Wajumbe wa Tume ya Haki za Binadamu wanapitia kamati ya uteuzi, na sheria ya Tume Huru ya Uchaguzi ya 2024 imeweka kamati ya usaili chini ya Jaji Mkuu, watu wanaomba, wanasailiwa, majina ndo yanapelekwa kwa Rais. Haijakamilika hiyo, Jaji Mkuu mwenyewe ni mteule wa Rais na sisi wananchi huo usaili hatuuoni, ila ni hatua, sasa kwa nini CAG abaki nyuma? Wenzetu Kenya Mkaguzi Mkuu wao anapitishwa na Bunge, anakaa miaka nane tu hakuna kuongezewa, na kabla ya hapo nafasi inatangazwa na waombaji wanahojiwa hadharani. Mkaguzi wao wa zamani, Ouko, alipomaliza 2019 zoezi liliwachukua karibu mwaka mzima, hiyo ofisi kukaa muda wote huo bila mkuu ni hasara kweli, hilo nalo tulitengenezee dawa mapema, zoezi lianze miezi sita kabla aliyepo hajamaliza. Mwishowe Nancy Gathungu aliapishwa Julai 2020 na Wakenya walishamsikia akijibu maswali.

Ninachoomba, Mhariri, ni waandishi wenu wawafuate wabunge wetu mmojammoja, wasiwaulize mambo mengi, wawaulize hili tu: ukiletwa muswada wa kubadilisha ibara ya 143 ili nafasi ya CAG itangazwe, majina yatoke gazetini, usaili urushwe redioni na Bunge lipige kura, wewe utasema ndiyo au hapana? Majibu yao myachapishe na jina la jimbo. La kwetu nitalitafuta mimi mwenyewe, nalikata nakwenda kuwasomea wenzangu Jumamosi kwenye kikao.

Mwanakikoba,
Morogoro