Barua ya wazi: Tuulizeni funguo ziko wapi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usalama wa Mtandao,

YAH: SWALI LINALOKOSEKANA KWENYE FOMU YA UKAGUZI

Kila mwaka tunajaza fomu yenu. Kuna mstari unaouliza kama data imesimbwa, yaani imegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Tunajibu ndiyo, mkaguzi anafungua ukurasa unaofuata. Mheshimiwa, naomba asiupite mstari huo haraka.

Niliwahi kukuta faili la ufunguo wa siri wa mfumo wa malipo ndani ya folda ambayo kila mfanyakazi aliweza kuifungua, pembeni ya picha za sherehe ya kumuaga fundi aliyeutengeneza. Barua pepe za kukumbusha kwamba cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva kinachoendana na ufunguo huo, kinakaribia kuisha muda zilikuwa bado zinamwendea yeye. Na ile "ndiyo" ya kwenye fomu haikuwa uongo, maana data ilisimbwa kweli. Lakini yeyote aliyenakili faili lile angeweza kujifanya seva yetu, na wateja wasingeona tofauti yoyote. Cheti humtambua mwenye ufunguo, hakijui aliupataje.

Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano ya mtandao wake, ila cheti chake kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma. Kifaa kiliwaka, hakikuona kitu ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa. Wavamizi walikaa ndani siku 76 na kuondoka na taarifa za watu zaidi ya milioni 140. Cheti kilipohuishwa, tarehe 29 Julai, mawasiliano ya kutiliwa shaka yakaonekana siku hiyohiyo.

Na mzigo unaongezeka. Mwaka 2025 watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari waliafikiana kwamba muda wa cheti cha tovuti upunguzwe kwa hatua, kutoka siku 398 hadi 47 ifikapo Machi 2029. Aliyezoea kuhuisha kwa mkono mara moja kwa mwaka atafanya hivyo karibu mara nane, kwa kila seva. Hapo lazima mashine ifanye kazi hiyo, na itifaki ya ACME, utaratibu wa kompyuta kuomba na kuhuisha vyeti zenyewe, ipo, huru kutumiwa na yeyote.

Kwa hiyo tudaini rejesta: kila cheti na kila ufunguo, ulipo, tarehe ya mwisho, na majina ya watu wawili wenye dhamana. Kiwango cha PCI DSS cha kadi za malipo, toleo la 4, tayari kinadai orodha ya vyeti na funguo zinazolinda taarifa za kadi zikisafirishwa. Funguo muhimu zaidi zikae ndani ya kifaa maalumu kisichoziruhusu kutoka. Kisha mkaguzi achague cheti kimoja bila taarifa, tukibadilishe pamoja na ufunguo wake, tubatilishe cha zamani, naye akiwa ameketi anatazama saa. Hapo ndipo mtajua nani yuko tayari.

Kama fomu ijayo ina nafasi ya mstari mmoja tu, naomba usomeke hivi: "Funguo zenu ziko wapi, na leo anazishika nani?"

Wako katika kazi,
Fundi wa mifumo