Saikolojia ya miaka miwili, mnanipa kazi isiyo yangu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo maana nimechoka na simu.

Mi mzaliwa wa Tanga, sasa niko San Diego, nasoma saikolojia kamuniti koleji, digrii ya miaka miwili wanayoiita AA. Basi nyumbani wakisikia saikolojia ndo imekuwa balaa, mara mume wa fulani kabadilika, mara mtoto wa mama mdogo katimiza miaka miwili na nusu haongei, "si wewe msaikolojia wetu!" Msaikolojia wa wapi jamani, niko yuniti ya 42 kati ya 60 na somo la takwimu linanitoa jasho. Hapa California leseni ya msaikolojia inataka udaktari, yaani PhD au PsyD, na juu yake masaa 3,000 ya kazi chini ya msimamizi. AA ni mlango wa kuingilia chuo kikuu tu. Hata ile kazi ya kukaa na watoto wenye usonji, RBT, haikuombi AA, ni high school na mafunzo ya masaa 40.

Ila kilichonifanya niandike ni herufi T. Kuna AA ya kawaida na kuna AA-T, T ni ya transfer, yaani kuhamia chuo kikuu, sheria yake ilipita 2010, ukimaliza hiyo umehakikishiwa nafasi kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, CSU (California State University), unaingia mwaka wa tatu (sio lazima kampasi unayoitaka wewe, hapo usijidanganye). Mi mshauri wa koleji yangu aliniambia chukua unachopenda, nikapenda kweli, nikachukua kozi tatu ambazo kwenye mpango wa T hazina kazi. Yuniti tisa, kwa dola 46 kila moja ni dola 414, na usiku wote ule nimetoka shifti ya nasing homu, nyumba ya kutunzia wazee, macho mekundu. Aliyenishtua ni mama mmoja wa Kivietnamu tunayekaa naye dawati moja, kaniuliza tu, "yako ina T?" Nikamwangalia kama mjinga.

Masomo yenyewe matamu lakini, siwezi kusema uongo. Tulifanya jaribio la Stroop, la 1935, neno la rangi moja limeandikwa kwa wino wa rangi nyingine, unataja wino. Nikaenda kulijaribu nyumbani kwa Kiswahili, "nyekundu" kwa wino wa bluu, ulimi ukagoma kabisa, wanangu ambao Kiswahili hawakisomi wakapita mbio wananicheka.

Mama mdogo kapiga tena juzi. Nikamwambia mama mi sitibu mtu, ila mpeleke mtoto hospitali wampime masikio kwanza, kabla hamjaanza kusema karogwa. Kasema Jumatatu wanaenda.

Msomaji wenu, San Diego